Kiporo cha nyama ya Idi: kosa lilikuwa kabla ya friza

Idi ya kuchinja ya kwanza tangu ninunue friza, nilipika sufuria kubwa la mchuzi wa nyama. Wageni wakala, ikabaki karibu nusu. Nikafunika, nikaacha jikoni ipoe, nikaenda kulala. Asubuhi nikaingiza sufuria zima frizani. Siku ya tatu nikatoa jiwe. Tuko wawili nyumbani! Nikayeyusha lote, tukala kidogo, kilichobaki nikakirudisha. Tulipokila tena, mume wangu alishinda chooni.

Nikailaumu friza, maskini. Kumbe baridi haiui bakteria, inawalaza tu, ukiyeyusha wanaamka. Na walikwishazaana usiku ule jikoni, maana sufuria kubwa hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndiko wanakostawi. Wapo ambao mbegu zao hazifi hata mchuzi ukichemka.

Siku hizi nyama haikai nje zaidi ya saa mbili, na joto la Dar likipanda kupita nyuzi 32, saa moja tu. Naigawa kwenye visufuria vidogo, navikalisha ndani ya beseni la maji ya barafu, nakoroga. Ikipoa naipakia kwenye makopo, kila kopo mlo mmoja. Mchuzi uifunike nyama, kwani inayobaki wazi hukauka na kuwa kama kamba. Acha nafasi ya kidole juu, mchuzi ukiganda hutanuka.

Viazi vitoe, vikiyeyuka huwa kama sifongo. Tui nalo hukatika, kwa hiyo nalitia siku ya kula.

Andika tarehe, hasa kama unatumia makopo ya aiskrimu kama mimi. (Watoto wa dada yangu hawayaamini tena makopo ya nyumba hii.) Frizani naipa miezi miwili au mitatu, kisha ladha hupotea. Kwenye friji ya kawaida, siku tatu, nne basi.

Kuyeyusha, hamishia kopo kwenye friji tangu usiku, au tia barafu lake moja kwa moja sufuriani na maji kidogo. Itokote hasa, mpaka katikati ya pande, si kupasha moto juu juu. Na ikishapashwa, hairudi frizani.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, uweke sarafu juu ya barafu. Tulipotoka Tanga baada ya siku nne, kila kitu kilikuwa kigumu, hakina harufu, lakini shilingi mia mbili yangu ilikuwa chini kabisa ya kikombe. Maana yake barafu liliyeyuka lote, kisha likaganda upya. Nilimwaga makopo matano. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, alinuna mpaka jioni.