Kwa nini boksi moja lina bei kubwa ukiagiza 300 kuliko ukiagiza 3,000

Dada, hujaibiwa. Umeuliza kwa nini boksi moja la kufungashia sabuni linakuwa ghali ukiagiza 300, halafu bei inashuka sana ukiagiza 3,000. Jibu ni maandalizi. Kwenye ofseti, yaani uchapaji wa mashine kubwa, kila rangi ina pleti yake (bamba lenye picha ya kuchapa), kwa hiyo picha ya rangi kamili inataka pleti 4. Kuna pia kisu cha kukatia umbo: vyuma vyembamba vinapindwa na kupachikwa kwenye ubao kufuata mikunjo ya boksi lako. Ongeza karatasi zinazoharibika fundi akisawazisha rangi. Yote hayo unayalipia hata ukichapa boksi moja, na gharama hiyo ikigawanywa kwa maboksi 300 inalemea kila boksi kuliko ikigawanywa kwa 3,000.

Cha pili kinachogusa bei ni vipimo, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela bila kujua. Maboksi yanapangwa kwenye karatasi moja kubwa kabla ya kukatwa. Ukipunguza upana sentimita moja tu, pengine karatasi ileile itatoa maboksi 12 badala ya 9. Mwambie mchapaji akuonyeshe huo mpangilio kabla hujalipa.

Laminesheni (utando wa plastiki juu ya karatasi), maandishi ya dhahabu, kidirisha cha plastiki: kila kimoja ni hatua nyingine ya kazi, na unailipia.

Kwa 300, ningechukua maboksi ya kahawia ya saizi ya kawaida, yasiyochapwa, nibandike stika iliyochapwa kidijitali, moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, maana haihitaji pleti. Ukifika 3,000, hakikisha mnaandikiana kwamba kisu ni chako, ili oda ijayo usikilipie tena.