Maswali ya Wasomaji: Kuigeuza Mirage III ya Plastiki Kuwa Mirage 5

Maswali ya safari hii yanazunguka ndege moja: Mirage 5 ya kampuni ya Dassault ya Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza Mei 1967. Seti nyingi za modeli za plastiki zilizoko madukani ni za ndugu yake, Mirage III (matoleo yake ni kama IIIC na IIIE), kwa hiyo anayeitaka Mirage 5 mara nyingi hulazimika kukata na kuunda pua mwenyewe.

SWALI: Nina seti ya Mirage IIIC ya kampuni ya Eduard, kipimo cha 1/48 (modeli ndogo mara 48 kuliko ndege halisi). Nataka kutengeneza Mirage 5BA ya Ubelgiji. Je, nikirefusha pua inatosha? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Haitoshi, na tunakusihi usianze na seti hiyo ingawa ni nzuri. Mirage 5 ilijengwa juu ya kiwiliwili cha IIIE, na IIIE ni ndefu kuliko IIIC kwa sentimita 30 hivi, zilizoongezwa nyuma ya chumba cha rubani. Kwa 1/48 hizo ni milimita 6.25, kwa 1/72 ni milimita 4.2. Tofauti hiyo unaiona hata bila rula: kwenye IIIC midomo ya kuvuta hewa inaanzia chini ya kioo cha rubani, kwenye IIIE inaanzia nyuma yake. Ukiirefusha pua ya IIIC peke yake utapata ndege ambayo haikuwahi kuwepo. Jenga IIIC yako kama ilivyo, kisha tafuta IIIE kwa kazi hii.

Ukiipata, kazi kubwa ni pua. Israeli walitaka ndege ya kushambulia mchana katika hali ya hewa safi, bila rada nzito. Dassault wakaiondoa rada ya Cyrano, wakahamishia puani vifaa vya elektroniki vilivyokuwa nyuma ya rubani, na nafasi iliyobaki nyuma ikatiwa mafuta. Ndiyo maana pua ya Mirage 5 ni nyembamba na ndefu. Mrija wa kupimia kasi ya hewa, ambao IIIE huubeba kwenye ncha ya pua, hapa umeshuka chini ya pua. IIIE nyingi pia zina kinundu cha rada ya Doppler (ya kupimia mwendo wa ndege) chini ya pua. Kabla ya kukiacha au kukisugua, angalia picha ya ndege yenyewe unayoiiga. Mwisho, Mirage 5 ina sehemu saba za kuning'inizia silaha na matangi, kwa hiyo usifuate karatasi ya maelekezo ya IIIE unapotoboa matundu ya tumbo.

Jihadhari na picha. Ubelgiji ilikuwa na Mirage 5 za aina tatu: BA ya mashambulizi, BR ya upelelezi na BD ya viti viwili. Pua ya BR ina madirisha ya kamera na umbo lake ni jingine. Soma namba ya ndege kwanza, ndipo uamini picha.

SWALI: Sina uwezo wa kuagiza pua ya rezini kutoka Ulaya. Naiundaje mwenyewe? Na kwa nini mstari wa maungio hurudi kuonekana baada ya kupaka rangi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Anza na mchoro wa ubavuni na wa juu uliochapishwa kwa kipimo chako. Upime kabla ya kuutumia: mabawa ya Mirage yana mita 8.22 kutoka ncha hadi ncha, yaani milimita 171 kwa 1/48 na 114 kwa 1/72. Mchoro ukikupa 168 badala ya 171, printa imeupunguza. Rekebisha asilimia na uchapishe tena. Usipige hesabu ya kukata kwa kutoa urefu wa jumla wa ndege moja kwenye mwingine (15.55 kwa Mirage 5, 15.03 kwa IIIE), maana mrija wa puani unaingia kwenye hesabu ya IIIE na kukupotosha. Pima kutoka ukingo wa chini wa kioo cha mbele.

Gundisha nusu mbili za kiwiliwili, uziache siku mbili au tatu, kisha zungusha ukanda wa tepu mahali pa kukata, mbele ya kioo, na ukate kwa msumeno wenye meno madogo ukifuata tepu pande zote. Usikate nusu moja moja kabla ya kugundisha, hazitalingana. Ziba mdomo uliokatwa kwa kipande cha shiti ya plastiki cha milimita 1, toboa tundu katikati, na upitishe kijiti cha plastiki au shaba cha milimita 3 kiingie ndani angalau milimita 10. Kijiti hicho ndicho uti wa mgongo wa pua mpya. Kitazame kwa juu na kwa ubavuni kabla gundi haijakauka, kwa sababu kikipinda nyuzi mbili tu, ndege nzima itaonekana imepigwa ngumi.

Vika kijiti epoksi ya kufinyanga, ile ya sehemu mbili, ikiwa nene kuliko pua inayotakiwa kwa milimita moja kila upande. Iache usiku kucha. Kata vigezo vya kadi vya umbo la ubavuni na la juu, kisha sugua kwa msasa namba 240 mpaka vigezo vikae bila mwanga kupita. Malizia kwa 400, 600 na 1000, ukisugua kwa maji.

Uzito wa kuzuia modeli isikalie mkia uweke kabla ya kuziba ule mdomo uliokatwa. Kalisha kiwiliwili na mabawa juu ya penseli mahali pa magurudumu ya nyuma, uongeze chubwi za risasi nyuma ya kiti cha gurudumu la mbele mpaka pua ishuke yenyewe, kisha ongeza kidogo tena, kwa kuwa rangi, ekzosi na makombora vitazidi kuvuta nyuma. Shikiza risasi kwa epoksi au supaglu. Usitumie gundi nyeupe ya mbao: asidi yake huila risasi polepole, risasi huvimba, na baada ya miaka kadhaa kiwiliwili hupasuka.

Sasa mstari unaorudi. Sababu ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Puti (dawa ya kuziba mianya) ya kopo yenye kiyeyushi hunywea inapokauka. Paka tabaka jembamba na usubiri siku nzima kabla ya msasa. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo, nazo huendelea kuzama kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu ya zile siku mbili tatu. Supaglu, kwa upande wake, huwa ngumu kuliko plastiki, kwa hiyo msasa hula plastiki na kuacha tuta. Ichanganye na poda ya mtoto mpaka iwe uji mzito, na uisugue ndani ya saa moja. Baada ya hapo puliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu na utazame chini ya taa ya pembeni. Mara nyingi utarudia mara tatu au nne. Hapa ndipo muda wako uende. Makombora yanaweza kungoja.

Kwa mrija wa chini ya pua, nunua sindano mpya za duka la dawa: ya 21G ina unene wa milimita 0.8, ya 27G ina 0.4, na moja huingia ndani ya nyingine kama ngazi. Kata kwa tupa, si kwa koleo, la sivyo itabanjuka.

SWALI: Mirage 5M za Zaire nazo zinatengenezwa kwa njia hiyo hiyo? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Mbinu ndiyo hiyo hiyo. Zaire ilipokea Mirage 5M katika miaka ya 1970, nazo ni za familia hii. Lakini usichukue rangi za Ubelgiji. Tafuta picha mbili au tatu za ndege moja na uzifuate hizo tu, pua ikiwemo.

SWALI: Rangi yangu ya laka hubadilika kuwa nyeupe kama ukungu, na ya akriliki hukauka ikiwa na chenga. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ukungu ni unyevu. Thina ya laka hupaa haraka, hupoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewani hugeuka matone juu ya rangi kabla haijakauka. Puliza mchana hewa ikiwa kavu zaidi, si alfajiri wala baada ya mvua, na utumie thina inayokauka polepole. Ukungu ukishatokea, mpulizo mwembamba wa thina hiyo peke yake mara nyingi huuondoa. Hakikisha pia kompresa ina kichujio cha maji.

Chenga ni kinyume chake: rangi imekauka hewani kabla ya kufika. Sogea mpaka sentimita 5 hadi 8, punguza presha hadi PSI 15, na uongeze thina mpaka rangi iteremke ukutani mwa kikombe kama maziwa. Matone machache ya kichelewesha ukaukaji husaidia sana kwenye joto la pwani.

Onyo moja zito: thina ya magari ya duka la rangi huyeyusha plastiki hii. Osha nayo bomba la kupulizia, lakini isiguse modeli.

SWALI: Mirage za Ubelgiji zina rangi gani, na nianze na ipi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ni zile za ndege za Marekani zilizopigana Vietnam: kahawia ya mchanga FS 30219 (FS ni namba ya rangi ya kiwango cha serikali ya Marekani), kijani cha wastani FS 34102, kijani kizito FS 34079, na kijivu cheupe FS 36622 tumboni. Kwa rangi za kampuni ya Humbrol ni namba 118, 117, 116 na 28. Anza na kijivu, kisha kahawia, kijani cha wastani, na kijani kizito mwisho, kwa sababu rangi nyeusi hufunika nyeupe kwa urahisi kuliko kinyume chake.

Kosa la wengi ni mipaka yenye ukungu mpana. Mpaka uliofifia kwa sentimita 5 kwenye ndege halisi ni milimita 1 kwa 1/48 na 0.7 kwa 1/72. Ukipuliza kwa mkono mtupu na bomba lenye sindano ya milimita 0.3, ni vigumu kufika hapo. Viringisha gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani iwe vijiti vya milimita 2 hadi 3, ifuatishe mipaka, ziba mengine kwa tepu, na upulize bomba likiwa limesimama wima juu ya mpaka. Ukiinamisha bomba kuelekea chini ya kijiti, ukungu utapanuka upande mmoja.

SWALI: Dekali zangu (picha za alama za kubandika kwa maji) zina weupe wa fedha pembeni. Kwa nini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hewa imenaswa chini yake kwa sababu rangi isiyong'aa ina vishimo vidogo vidogo. Puliza vanishi ya kung'aa tabaka mbili, ngoja siku moja, bandika, kisha gusia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Weupe ukibaki, toboa kwa ncha ya sindano na urudie siki. Usikosee: duara la alama ya jeshi la anga la Ubelgiji lina nyeusi katikati, kisha njano, na nyekundu nje. Vanishi isiyong'aa ije mwisho kabisa, kioo cha rubani kikiwa bado kimezibwa kwa tepu.