Tangi dogo, maji ya kisima: samaki gani wakae pamoja?

Kabla hujauliza samaki gani anapatana na yupi, jiulize maji yako yanatoka wapi. Hapa Dar swali hilo lina uzito kuliko rangi, bei au ukali wa samaki, na wauzaji wengi hawaligusi kabisa. Mwenye maji ya bomba ya Mto Ruvu na mwenye kisima cha Tabata wanaweza kununua samaki walewale, duka moja, siku moja. Mmoja akafurahi, mwenzake akawa anaokota mizoga asubuhi.

Kwangu ni kisima. Maji yana chumvichumvi, sabuni inakataa kutoa povu, na chini ya birika chokaa nyeupe imeganda. Hayo ndiyo maji magumu, na yana wenyewe: samaki wanaozaa watoto hai, yaani gapi, plati na moli. Moli anavumilia hata maji ya mlango wa mto, pale yanapochanganyika na bahari. Tetra wa neoni, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, kwao ni bonde la Amazon, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Ukimweka na plati kwenye maji ya kisima hawatagombana hata siku moja. Neoni atanyong'onyea taratibu mpaka afe, na wewe utamsingizia plati.

Jambo la pili ni joto. Ulaya wananunua hita. Sisi kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye bati bila dari, tunatafuta namna ya kupoza. Maji yakifika nyuzi 30 yanabeba oksijeni kidogo, na umeme ukikatika pampu ya hewa inasimama. Kwa hiyo idadi inayosemwa inatosha kwenye tangi la lita 60 huko kwenye baridi, mimi huipunguza. Samaki wa dhahabu ndiye anayeonewa zaidi hapa mjini. Anapenda maji ya baridi, anachafua sana, akitunzwa anapita sentimita 20, halafu anauzwa kwenye bakuli na gapi wawili. Hapana.

Nikiingia dukani siulizi kama samaki fulani anakaa na fulani, kwa sababu jibu nalijua: "Bosi, hawa wote wanaishi pamoja, hawana shida." Na muuzaji hadanganyi, kwake kweli wanaishi pamoja. Ni watoto, wamejazana mpaka hakuna aliyepata kona ya kujimilikisha, na keshokutwa wameuzwa. Mimi nauliza maswali mawili: huyu akikua anafika wapi, na hapa mnatumia maji gani? La kwanza linamwondoa pleko, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole kwa sifa ya kusafisha kioo, kumbe anaweza kufika sentimita 40. Linamwondoa pia enjeli, yule bapa mwenye mapezi marefu, ambaye akikomaa anameza tetra mmoja mmoja. Kitu chochote kinachoingia mdomoni ni chakula. Huo si ukatili, ni samaki.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linaandikwa lita 63, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama 50. Hiyo ni nyumba ya kupanga yenye uani mmoja: wapangaji wataelewana kama kila mmoja ana sehemu yake ya kushinda. Kuna samaki wa juu, kuna wa katikati, kuna wa chini. Ukiweka aina tatu zote za chini umetengeneza ugomvi, hata kama kila aina ni ya upole.

Sasa, mimi ningeweka nini? Kwa maji ya kisima, gapi madume watupu, wanane hivi, na hapo inatosha kabisa. Najua utasema ni wachache. Ukichanganya na majike, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike mmoja atafukuzwa mpaka achoke. Na uwe tayari: jike anazaa kila baada ya wiki nne hivi, na anaweza kutunza mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukiwatenganisha leo ataendelea kuzaa. Plati ni mbadala mzuri, watano au sita. Moli mwachie mwenye tangi kubwa.

Kwa maji laini ya bomba, yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke, ningechukua beta dume mmoja, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, na koridora sita, kambale wadogo wa chini. Beta anavumilia joto letu na anavuta hewa juu ya maji, hivyo umeme ukikatika ndiye wa mwisho kuhangaika. Koridora wanatembea chini kwa kundi. Chagua aina ya sterbai kama ipo, inastahimili joto kuliko ndugu zake, na weka mchanga laini wasichubue masharubu. Ila beta usimweke na gapi. Ule mkia mrefu wa rangi anauona kama wa beta mwenzake, na beta madume wawili hawakai tangi moja.

Wengine watakuambia ukavue perege au vifaranga vya kambale, ni bure. Kambale anaweza kupita mita moja, sina zaidi la kusema. Wa kwetu ninaowapenda ni sikilidi (jamii ya perege) wadogo wa Ziwa Tanganyika, hasa multifasiatusi, ambao jike hafiki hata sentimita nne na wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Maji magumu ndiyo maisha yao. Nchi za nje watu wanalipia fedha nyingi, sisi tunawapita. Lakini kwenye tangi dogo wakae peke yao, kila gamba lina mwenyewe na mpaka wake unalindwa kwa meno. Joto likizidi nyuzi 27 waangalie.

Konokono nao nunua dukani, usiokote kwenye madimbwi wala mito. Baadhi yao ndio wanaobeba kichocho, na mikono yako itaingia kwenye maji hayo kila wiki.

Ukishawaweka, angalia wakati wa kula na mara tu baada ya kuzima taa. Akiwepo anayewafukuza wenzake, mtoe umweke kwenye ndoo yenye pampu siku chache, panga upya mawe yote, kisha mrudishe akiwa wa mwisho. Akirudi anakuta mipaka yake imefutika. Akiendelea, mrudishe dukani hata kwa kubadilishana na chakula cha samaki. Usimwachie Mto Msimbazi wala bwawa la jirani, hata kama anakutia huruma.