Ngiri ya kinena: je, mtoto asubiri?

SWALI: Mwanangu ana miezi 14. Ana uvimbe kinenani unaotokeza akilia, akilala unarudi. Kliniki ya kambi imetupa rufaa ya upasuaji Kasulu, lakini jirani anasema utajifunga wenyewe kama kitovu. Nifanyeje?
Mama, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu

JIBU: Mama, huo uvimbe ni ngiri: utumbo unapenya kwenye tundu la ukuta wa tumbo. Jirani kachanganya mambo mawili. Ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga kabla ya miaka 5. Ya kinena haijifungi. Utumbo ukinasa kwenye tundu hilo, damu haifiki na nyama huanza kufa. Ukiona uvimbe mgumu usiorudi, mtoto analia hatulii, anatapika (hasa rangi ya kijani), usingoje tarehe ya rufaa: mkimbize zahanati saa hiyohiyo, hata usiku.

Kama hana dalili hizo, shughulikia kibali cha kutoka kambini mapema, na hakikisha siku zake zinatosha kulazwa na kurudi.

Upasuaji unaweza kuahirishwa kwa sababu ya uji. Uji ni chakula, chai ya maziwa pia: mwisho ni muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, si saa 6 ya ukutani. Ziwa la mama, muda wa saa 4 kabla. Maji matupu, muda wa saa 2 kabla. Tumbo likiwa na kitu, akilazwa usingizi anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Akiwa na kikohozi au homa, sema.

Baadaye, kidonda kikae kikavu siku 2, bila majivu wala dawa za majani. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 10 apate miligramu 150 kila mara.