Mulineti ya bobini kwa chambo nyepesi: angalia nini kabla hujalipa

Mara ya kwanza kutupa chambo ya gramu 4 na mulineti (mashini ya kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvua samaki) ya bobini inayozunguka, bobini ni ile gurudumu inabeba uzi, nilikuwa Kasenga, kwenye mto Luapula, asubuhi jua halijapanda bado, chambo ikaenda kama mita nane tu halafu uzi ukasimama hewani ukavimba juu ya bobini, ile kitu wafaransa wanaita peruki na kweli inafanana, nywele tupu hakuna kichwa. Nikakaa kwenye mtumbwi karibu nusu saa nafungua mafundo na ncha ya ndoano. Yaya, mkubwa wangu, alikuwa nyuma na mshipi wake wa mkono, hakusema kitu. Nilirudi Lubumbashi nikiamini mkono wangu njo haujui, nikafanya mazoezi kwenye kiwanja miezi miwili, kila jioni nikitoka kazini. Haikuwa mkono. Ilikuwa bobini.

Naandika hii juu ya wandugu watatu wameniuliza kitu kimoja mwezi huu, wanataka mulineti moja ya kurusha chambo ndogo huku kwetu kwenye maji baridi na pia waende nayo Dar wakifuata mizigo, na wote watatu swali lao la kwanza lilikuwa ina rulma ngapi (wa Dar wanaziita beringi). Hilo swali liache kwanza.

Elewa hivi. Mulineti ya kawaida, ile inaning'inia chini ya fimbo, bobini yake imesimama, uzi unajimwaga wenyewe, kwa hiyo hata chambo ya gramu 2 inaruka vizuri. Hii ingine ya kukaa juu ya fimbo, chambo ndiyo inavuta bobini mpaka izunguke. Ni kama mtoto kusukuma gari limezima: likiwa zito linakataa kuanza, na likishaanza linakataa kusimama. Chambo ya gramu 4 inahangaika kuiamsha bobini ya gramu 20, halafu chambo ikianza kuchoka kule mbele bobini bado iko na mwendo, inatoa uzi ambao hakuna anayeuvuta, njo pale peruki inazaliwa. Kwa chambo ya gramu 15 hii shida huisikii sana, uzito wake unatosha. Kwa gramu 4 unaisikia kila ukitupa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuuliza ni bobini ina uzito gani na imechimbwa kina gani. Wajapani wametengeneza aina nzima ya mulineti kwa ajili hii, utaona herufi BFS kwenye jina, bobini zake ni fupi kwa kina, nyingi ziko chini ya gramu 10 zikiwa tupu, kipenyo kama milimita 28 mpaka 32. Shimano wako nazo, Aldebaran BFS na SLX BFS, Daiwa wako na Alphas Air, na KastKing nao wako na za bei ya chini. Siyo lazima ununue ya bei kali. Lakini kama muuzaji hawezi kukufungulia ubavu wa mulineti utoe bobini uishike mkononi, mi ningeondoka.

Na usisahau uzi nao ni uzito, hapa wengi wanakosea hata wakiwa na mulineti nzuri. Piga hesabu mwenyewe: mita 150 za nailoni ya milimita 0.30 zinakaribia gramu 12. Umenunua bobini ya gramu 9 ukaifanya 21, pesa yako imeenda bure! Mita 50 za uzi wa kusuka namba 0.8 (hiyo ni namba ya Wajapani ya unene, siyo milimita) hazifiki hata gramu 1. Uzi wa florokaboni wa milimita 0.20, mita 50, ni kama gramu 3 hivi, inakubalika kwa maji baridi. Watu wanaogopa kuweka mita 50, wanasema samaki atamaliza uzi, sasa wewe unatupa mita 20 au 25, samaki wa kilo mbili atakupeleka wapi? Baharini weka 80, pale naelewa.

Kitu ninachofanya dukani, nilikifanya Kariakoo mpaka mwenye duka akaita wenzake waje waone: nalegeza ile kofia ndogo ya pembeni kwenye upande wa mkono wa kuzungushia, freni ya sumaku (nitaieleza chini) naweka sifuri, nabonyeza kitufe cha kidole gumba, halafu napuliza bobini na mdomo, kidogo tu kama unapoza chai. Bobini nzuri inaanza kuzunguka na hiyo pumzi na inaenda bila sauti. Ile nzito inatikisika inasimama. Ukisikia kama mchanga ndani, rudisha. Halafu naishika na vidole viwili nasukuma kushoto kulia nione inacheza kiasi gani, ikicheza hata baada ya kukaza ile kofia, mwili wa mulineti umekatwa vibaya na uzi mwembamba utaingia katikati ya bobini na ukuta, siku moja utakata samaki wako mzuri pale pale. Rulma kumi na mbili hazisaidii hapo. Rulma zinazohesabika kwa kutupa ni mbili, zile zinabeba bobini, zingine ziko kwenye mkono na sehemu zingine. Bora mbili nzuri.

Freni sasa. Kuko freni mbili na watu wanazichanganya. Ile ya nyota pembeni ya mkono ni ya kupigana na samaki, kilo 3 au 4 inatosha kabisa kwa kazi hii, anayekusifia kilo 10 anakusifia kitu hutatumia. Ya pili ni ya kutupa, na iko ya aina mbili. Kuko ya vipande vidogo ndani ya ubavu vinavyorushwa nje bobini ikikimbia vinasugua ukuta, na kuko ya sumaku. Bobini ni aluminiamu, sumaku haiivuti ikiwa imesimama, lakini ikizunguka karibu nayo kaumeme kadogo kanazaliwa ndani ya chuma kanaipunguza mwendo, hakuna kitu kinagusana. Kwa chambo nyepesi mi nachagua sumaku, juu ya unaipima kwa nje na kidole bila kufungua kitu, unabadilisha chambo ya gramu 3 unaweka ya 7, unasogeza namba mbili unaendelea.

Na ile kofia ya pembeni, wazee wanakufundisha uikaze mpaka chambo ishuke pole pole na bobini isimame chambo ikigusa chini. Kwa chambo nzito sawa. Kwa nyepesi unajiua mwenyewe, unabana bobini toka mwanzo. Legeza mpaka bobini icheze kidogo pembeni, halafu kaza mpaka ule mchezo uishe tu, basi, kazi iliyobaki iachie sumaku na kidole gumba. Anza sumaku juu, shuka namba moja moja. Na usitupe kwa hasira! Mkono mwepesi, acha fimbo ijikunje. Fimbo yenyewe iwe imeandikwa gramu 2 mpaka 8 au karibu na hapo, mulineti nzuri juu ya fimbo ngumu haitupi kitu.

Kwa nini basi kusumbuka, si nichukue ile ya kawaida? Chini ya gramu 3, au upepo ukiwa usoni kwenye ziwa la Tshangalele kule Mwadingusha, chukua ya kawaida, mi nafanya hivyo. Lakini ukiwa unapita kwenye matete na kuko katundu ka maji kama mdomo wa sufuria, na unajua samaki makobo amekaa ndani yake, hakuna kitu kama kidole gumba juu ya bobini. Unaona chambo inaenda, unabana kidogo, inatua bila kelele pale pale ulipoangalia. Nimejaribu na ile ingine, mara mbili kwa tatu nanasa majani.

Umbo la chambo pia liangalie, kachuma ka gramu 5 kanapasua hewa, kamti kanene ka gramu 5 kanajipindua na kupoteza mwendo. Jifunzie na kachuma.

Sasa chumvi. Hapa nataka usome pole pole kwa sababu mi nililipa.

Safari ya kwanza nilienda na mulineti ya dola 65, jina sitalitaja, bobini nyepesi kweli, nikaitumia jioni mbili Kigamboni kwenye miamba maji yakiwa yanapanda. Kolekole wadogo, wa ukubwa wa kiganja na nusu, wanapiga chambo kama umegonga jiwe na hawaachi kukimbia, sijawahi kufurahi hivyo. Kesho yake mizigo ikawa tayari, nikaifuta na fulana nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, tukapanda basi. Mbeya, Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa tukakaa, siku nne. Nafungua mfuko nyumbani, mkono hauzunguki. Ile skrubu ndefu ya mbele inayopeleka uzi kushoto na kulia ilikuwa imejaa chembe nyeupe ngumu, chini ya mguu wa mulineti rangi imenyanyuka kama ngozi imeungua na chuma ndani imekuwa unga wa kijivu. Ilikuwa magnesiamu. Magnesiamu ni nyepesi, inasifiwa sana, lakini mkwaruzo mmoja tu kwenye rangi na chumvi inaingia kuila. Sikuweza kuiokoa.

Kwa hiyo kama unajua utaenda baharini, chukua mwili wa aluminiamu iliyopakwa vizuri, au hata wa plastiki ya karboni, hiyo haishiki kutu ingawa inajikunja kidogo ukivuta samaki mwenye nguvu. Gramu 20 zaidi kwenye mwili hazikudhuru, uzito mbaya ni ule wa bobini. Na soma kama mtengenezaji mwenyewe anasema inafaa maji ya chumvi, siyo muuzaji.

Halafu usiku ule ule, siyo kesho, fanya hivi: kaza freni ya nyota ili maji yasiingie kwenye sahani zake, pitisha maji baridi ya bomba yanayotiririka tu, usipulize kwa nguvu, usiitumbukize kwenye ndoo, maji ya nguvu yanasukuma chumvi ndani zaidi. Kung'uta, futa, legeza freni tena, fungua ubavu, toa bobini, acha kila kitu kikauke kivulini. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kila rulma ya bobini na kwenye ile skrubu ya mbele. Mi natumia mafuta ya cherehani, yanapatikana kwa fundi nguo yeyote. Mafuta ya injini ni mazito na grisi usiweke kabisa kwenye rulma za bobini, utatupa mita tano chini ya uliyokuwa unatupa. Grisi ni ya gia za ndani.

Uzi baharini naweka wa kusuka namba 1, chini yake nazungusha kwanza mita mbili za nailoni kwa sababu uzi wa kusuka ukiwa peke yake unateleza kwenye bobini, na mbele mita moja ya florokaboni. Mwembamba zaidi ya 0.8 unajizika ndani ya mwenzake samaki akivuta, na kutupa kunakofuata chambo inakatika inaenda zake. Na manda wa Luapula, wenye meno, florokaboni peke yake ni zawadi kwao, weka waya mwembamba sentimita 15. Kule Dar kwa nguru fanya vile vile.

Yaliyobaki ni mafupi. Mkono wa kushoto au kulia unachagua dukani na hauhamishiki kama ile ya kawaida, niliona mtu amenunua ya kulia akadhani atageuza nyumbani. Mzunguko: bobini ndogo inakusanya uzi kidogo, ya milimita 28 ikiwa na gia ya 7 kwa 1 inakuletea kama sentimita 61 kila mzunguko wa mkono, ya 34 inaleta 75, kwa hiyo kwenye bobini ndogo usiogope 7 au hata 8.

Ninayotumia sasa ina mwili wa aluminiamu, bobini gramu 9, mkono wa kushoto, imeshaenda Dar mara tano. Juzi nimeifungua yote juu ya gazeti, rulma moja ya bobini imeanza kutoa kasauti kembamba ukiizungusha karibu na sikio, nimeagiza mbili mpya kwa ndugu anayetoka kule Jumatano. Kasenga nitaenda zikifika.