Kilomita peke yake hazitoshi
Mkuu, umeuliza kama kilomita alizokimbia mchezaji wa soka zinatosha kuonyesha amejituma. Hazitoshi. Kiungo anaweza kufikisha kilomita 11 nyingi zikiwa za mdogo mdogo tu. Makocha wa mazoezi ya viungo huangalia zaidi umbali wa kasi kubwa, mara nyingi kuanzia kilomita 19.8 kwa saa, na sprinti, yaani mbio za kasi ya juu kabisa, kuanzia 25.2.

Halafu kuna kuchomoka na kufunga breki ghafla: mita tano tu, lakini paja linaisoma namba! Ndiyo maana kile kifaa cha mgongoni, kwenye ile fulana inayofanana na sidiria, kina GPS, inayofuatilia mchezaji yuko wapi, na kipima mchapuko, kinachopima mwendo unavyobadilika ghafla. Beki anayesukumana kwenye kona, GPS inamwona kama kasimama. Kipima mchapuko ndicho kinachonasa vile vikumbo.