Kabla hujang'oa tuita, piga kofi sebuleni

Mkuu, umesema spika zako mpya zinachoma masikio, shemeji anaomba upunguze kila ukiwasha, na fundi anataka ang'oe tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, akufungie nyingine. Usimpe hela bado. Mimi wangu nilimpa sh. 80,000, akatoa tuita za alumini akaweka za kitambaa, na jioni ile ile nikagundua ukali uko pale pale.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba nilikuwa nimehama. Kwenye nyumba ya zamani spika hizo hizo, kwa amplifaya hiyo hiyo, zilikuwa tamu: zulia kubwa chini, makochi manene, mapazia mazito. Nyumba mpya ina vigae, dirisha la vioo karibu ukuta mzima, jipsam juu na makochi mawili. Usiku mmoja nikaua mbu kwa makofi katikati ya sebule, chumba kikanijibu "triiing" kama spring ya kitanda. Nilisahau mbu, nikabaki napiga makofi peke yangu kama kichaa.

Fanya hivyo na wewe. Kaa unapokaaga, piga kofi moja kavu. Mlio ukirukaruka baada ya kofi, chumba chako kinairudisha trebo, yaani sauti nyembamba za juu, kutoka kila upande, na sikio linaipata mara mbili tatu. Vigae na vioo karibu havinyonyi kitu. Vitu laini vinanyonya, na vinaanzia hukohuko kwenye trebo.

Ila kabla hujanunua zulia, kagua waya. Waya za spika moja zikiwa zimegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi, besi za spika mbili zinauana na kinachobaki ni trebo inayopiga kelele. Nimeikuta nyumbani kwa jamaa yangu aliyekuwa ameshaanza kutafuta sabufa.

Zulia lilale kati yako na spika, hapo ndipo sauti inapogonga sakafu kabla ya kukufikia. Pazia liwe na mikunjo mingi. Kitambaa kilichonyooshwa kikabanwa ukutani hakisaidii sana. Kwa kuta za pembeni, kaa kwenye kochi lako halafu mtu atembeze kioo cha kujitazamia ukutani, usawa wa tuita. Ukiiona tuita kwenye kioo, hapo ndipo pa kuweka kabati la vitabu, au kuning'iniza blanketi likiwa limeachana kidogo na ukuta. Mke wangu alishika kioo dakika kumi bila kuuliza swali. Aliuliza baadaye, nilipolibeba blanketi.

Halafu geuza spika. Zangu zilikuwa zinanitazama usoni, nikazinyoosha zitazame mbele. Tuita hurusha sauti nyembamba kabisa kama tochi, kwa hiyo ukitoka kwenye mwanga wake ukali unapungua bila senti tano. Ukizisogeza karibu kidogo na ukuta wa nyuma, besi inaongezeka na trebo haionekani kubwa tena. Kitufe cha trebo kirudishe nyuma ukipenda, ila kazi yake kubwa iko juu huko kwenye 10 kHz (mitetemo elfu kumi kwa sekunde), ilhali sehemu inayouma zaidi ni kati ya 2 na 5 kHz, ambako sikio la binadamu ni jepesi kuliko kote.

Kuna watakaokuambia uziache spika zikomae kwa masaa 200. Kinachokomaa hapo ni masikio yako.

Ujanja wa karatasi ya chooni mbele ya tuita nao una historia. Yamaha walitoa NS-10M mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, ikaishia studio, na mainjinia wakawa wanaifunika tuita kwa tishu kwa sababu ya ukali wake. Mwaka 1987 likaja toleo la Studio lililopunguzwa trebo. Nilijaribu. Tishu moja na tishu mbili ni sauti tofauti, feni ikiwashwa inapepea, na mtoto alishaichana kabla ya Jumapili.

Kama baada ya yote hayo bado inakuchoma, ndipo ufungue boksi. Rezista (kipande kinachopunguza umeme) ya ohm 1, wati 10, zile nyeupe za simenti, kati ya krosova, yaani saketi inayogawa besi na trebo, na tuita ya ohm 8 inapunguza kama desibeli 1. Ya 2.2 inapunguza kama 2. Zinasikika kidogo kwenye namba, sana kwenye taarabu, pale "s" za mwimbaji zinapoacha kuwa wembe. Ubaya wake, rezista peke yake inasogeza chini kidogo pale krosova inapokatia. Ukitaka kushusha karibu desibeli 3 bila kuisumbua, weka 2.2 kwa mfululizo na nyingine ya ohm 22 sambamba na tuita yenyewe. Krosova itaendelea kuona ohm 8. Fanya spika zote mbili, usikate waya mfupi, ili siku ukihama uweze kurudisha.

Mimi niliishia kwenye ohm 1. Tuita za alumini nimezirudisha, maana hazikuwa na kosa. Zile za kitambaa ziko kwenye droo.